Kabla ya Kununua Betri Nyingine: Mambo Tuliyojifunza Wenye Magari ya Haibridi

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na ofisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakazi, baada ya wenye magari ya haibridi kutembelea karakana ya kampuni moja inayouza magari hapa Mombasa.

 

Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Nimesomea uandishi wa habari na nimeajiriwa na kaunti. Lakini nina gari dogo aina ya Toyota Aqua, ndiyo maana nikajiunga na kundi la wenye magari ya haibridi, na ndiyo maana nilikuwamo kwenye ziara hii. Wala sikuja kumpigia debe mtu. Jina la kampuni sitalitaja, na atakayeniuliza bei zao nitamwambia akaulize mwenyewe. Nilichokuja nacho ni daftari langu, na ndani yake mna mambo ambayo kama ningeyajua mapema yangeniokoa na wiki mbili za kukosa usingizi.

Nianze na kisa changu. Ilikuwa mwezi wa Machi, joto lile mnalolijua. Natoka Mikindani narudi nyumbani Kisauni, gari likaanza kuvuma upande wa nyuma, sauti kama ya mashine ya kukaushia nywele pale saluni. Nilipofika Nyali taa ya pembetatu ikawaka, chini yake maneno ya Kijapani, na gari likawa zito kama limepakia mawe. Nikalipeleka gereji. Fundi akachomeka kifaa chake, akatazama simu, akaniambia, "Dada, betri kubwa imekufa. Lete laki moja na nusu, kesho jioni unachukua gari." Hakufungua kitu chochote. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye chama chetu cha akiba na mikopo kuchukua fomu. Nilikuwa nimeshatafuta wadhamini wawili, nabakisha mmoja, ziara hii ilipotokea.

Kule karakana, fundi wa zamu aliinama kwenye kiti cha nyuma, karibu na pale abiria anapoweka miguu, akanionyesha kidirisha chenye vijitundu. Mimi miaka yote hiyo nilidhani ni urembo. Akasema hicho ndicho pua ya betri. Betri kubwa hupozwa kwa hewa ya humu humu ndani tunamokaa, na feni ndogo ndiyo inayoivuta. Akaitoa ile feni. Jamani, niliona haya. Ilikuwa imefunikwa na vumbi lililoshikamana kama pamba ya godoro, nywele za paka wetu, na makombo ya biskuti za watoto. Akaisafisha, akaipuliza, akairudisha. Kisha akaiunganisha gari na kompyuta, akapima betri sehemu kwa sehemu, akanionyesha namba zikiwa zimekaribiana. Betri haikuwa imekufa. Ilikuwa inakosa pumzi, na kompyuta ya gari ilikuwa ikipunguza nguvu makusudi ili isiungue. Nililipa chini ya shilingi elfu kumi. Ile fomu ya mkopo ninayo hadi leo.

Sisemi kila taa ikiwaka ni vumbi. Siku hiyo hiyo kulikuwa na gari ambalo betri yake ilikuwa imechoka kweli, nitawaeleza. Ninachosema ni kwamba mtu asikubali kununua betri kabla haijapimwa.

Kwa wale ambao bado wanajiuliza haibridi ni nini: ni gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Ukikanyaga breki au ukiteremka mlima, ile mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ndiyo sababu gari hili halihitaji kuchomekwa ukutani, na ndiyo sababu linakula mafuta kidogo mjini kwenye simama-nenda. Toyota Prius, lililofungua njia, lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1997. Hapa kwetu tunayo hayo Prius, Aqua, Fit, Axio na mengineyo, na karibu yote yameshuka bandarini yakiwa yametumika. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika liingie nchini likiwa limepita miaka 8. Kwa hiyo pigeni hesabu: ukinunua la miaka 7, betri nayo ina miaka 7, na imeishi maisha ambayo wewe hukuyaona. Halafu kitabu chake cha maelezo kimeandikwa Kijapani. Sisi wengi tumekiacha kwenye kidroo, tukajifunza gari kwa kubahatisha.

Sasa nirudi kwa yule mwenye betri iliyochoka. Ni mzee wetu mmoja wa Likoni, dereva wa teksi, ana Prius. Alimwuliza fundi swali ambalo naona lilikuwa midomoni mwa wengi.

"Mwanangu," alisema, "mimi mwaka huu nimebadilishiwa seli mara mbili. Kila mara gari linapona, nashukuru Mungu, miezi miwili mitatu taa inarudi palepale. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mzee wangu," fundi akajibu. Akamletea betri kuukuu iliyofunguliwa, akaiweka mezani tuione. Ndani ya betri ya Prius la namna yake mna vipande 28 vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu, kila kimoja cha volti 7.2. Vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, jumla inafika volti 201.6. Kompyuta ya gari huvipima viwili viwili, kwa hiyo ukisoma utaona namba 14. Fundi akasema, "Tuseme kipande kimoja kimechoka. Ukikitoa ukaweka kingine chenye nguvu, hivi 27 vilivyobaki bado ni wazee. Umri wao ni mmoja. Kesho kutwa kitachoka cha pili yake, kisha cha tatu."

Mzee mmoja mvuvi aliyekuja na mwanawe akaielewa haraka kuliko sisi sote. Akasema ni kama kuvuta jarife: ukitoa mtu mmoja aliyechoka ukaweka kijana, wavu hauji haraka, na huyo kijana atachoshwa na wenzake. Fundi akasema naam, ndivyo.

Kwa hiyo kubadilisha kipande kimoja si utapeli kila wakati. Kunaweza kumfaa mtu anayetaka gari limfikishe mwisho wa mwezi huku akitafuta pesa. Kosa ni kuuziwa kipande kimoja ukiambiwa betri imekuwa mpya. Mzee wa Likoni alikuwa amelipa mara mbili, na zile pesa zikijumlishwa zingekuwa sehemu nzuri ya betri kamili. Hana risiti hata moja. Nitalirudia hilo la risiti.

Huyo huyo mzee, katika maongezi, akasema yeye kwenye foleni ya feri huweka gia ya N ili gari lipumzike, kiyoyozi kikiwa kinaendelea kwa sababu ya abiria. Fundi akacheka kwa adabu. "Hulipumzishi, mzee, unalinyima chakula." Gari hili likiwa kwenye N halichaji betri kubwa, hata injini ikiwa inanguruma. Kiyoyozi chake nacho kinaendeshwa na umeme wa betri hiyo hiyo. Ukikaa nusu saa Likoni kwenye N, betri inashuka na kushuka, na ukifanya hivyo kila siku unaifupishia maisha. Weka P kama mmesimama kabisa, au baki kwenye D ukikanyaga breki. Niliangalia nyuma yangu, nikaona karibu nusu ya kundi wameinamisha macho. Mimi pia.

Kuna jingine dogo linalotuponza sana. Gari hili lina betri mbili. Ile kubwa ndiyo ya kusukuma gari. Ya pili ni betri ya kawaida ya volti 12, kwenye Prius iko buti, kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Kazi yake ni kuamsha kompyuta, basi. Ikidhoofika, asubuhi unabonyeza kitufe, taa za dashibodi zinacheza cheza kama disko, gari haliwaki. Mwenye gari anasema betri ya haibridi imekufa, na asiyekuwa mwaminifu anakubali haraka! Anabadilisha betri ndogo, anakulipisha kubwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza gari likigoma kuwaka ni kupima hiyo ndogo kwa kipimo cha volti, kazi ya dakika 2. Na ukienda kuinunua, sema ni ya haibridi. Kwa kuwa inakaa ndani na watu, inatakiwa iwe ya aina iliyofungwa, yenye mrija wa kutolea gesi nje.

Kwa wanaosafiri: ukiacha gari kwa jirani ukaenda bara au Ughaibuni kwa muda mrefu, betri kubwa hushuka yenyewe polepole. Angalau kila baada ya miezi michache mtu aliendeshe nusu saa hivi. Kuliwasha tu likiwa kwenye banda na kulizima hakutoshi.

Kuhusu breki, watu wa pwani tusikilize. Kwa kuwa mota inafanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, breki pedi za haibridi hudumu kuliko za gari la kawaida. Habari njema hiyo ina mkia wake. Breki isiyotumika sana hushika kutu, na hewa yetu ina chumvi. Vile vyuma ambavyo breki huteleza juu yake hukwama, upande mmoja ukawa unasugua mchana kutwa bila wewe kujua. Fundi alitushauri vifunguliwe, visafishwe na kupakwa grisi yake maalumu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama pedi bado nene.

Mafuta ya injini sitakaa hapo sana: mengi ya magari haya yanataka oili nyepesi, 0W-20, na si ile nzito tuliyozoea kuweka kwenye matatu. Maji ya kupoza nayo yana vyombo viwili kwenye Toyota hizi, kimoja cha injini na kingine cha inveta, kile kisanduku cha fedha chenye nyaya nene mbele. Wengi hujaza cha kwanza na kusahau cha pili. Kisha wanaweka maji ya mfereji. Tafadhali, acheni maji ya mfereji, haya yetu ya chumvi chumvi ndiyo kabisa.

Nije kwa vijana wa kuosha magari na mafundi wetu wa jua kali, maana nimewaona wachache humu na nimefurahi. Kule karakana hakuna aliyewadharau. Fundi mkuu alisema wazi kwamba magari haya ni mengi kuliko nafasi waliyonayo, na kwamba wenye kuyashika kila siku ni ninyi. Lakini alituomba tuwafikishie jambo moja kwa uzito. Mkiona waya wa rangi ya chungwa, hapo si pa kugusa. Umeme wa nyumbani ni volti 240 na mnajua unavyorusha mtu. Betri ya Prius ni zaidi ya 200 na ya Aqua ni 144, kisha inveta inaupandisha umeme huo hadi mamia ya volti, Prius la kizazi cha tatu linafika 650. Na ni umeme wa mkondo mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kufungua betri, gari linazimwa na ufunguo unawekwa mbali, kwa sababu gari hili linaweza kuwa limewaka na usisikie chochote. Betri ndogo inachomolewa. Ile plagi ya usalama ya betri kubwa inatolewa na kutiwa mfukoni ili mwenzako asiirudishe. Halafu unasubiri dakika 10 kamili, umeme uliobaki ndani ya inveta uishe, na bado unapima kabla ya kugusa. Glavu ni za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000, si zile za kuoshea vyombo. Niliona kijana mmoja wa Changamwe akiandika haya kwenye kiganja cha mkono. Nilimpa karatasi.

Na ninyi wa kuosha: injini ya haibridi haimwagiwi maji ya presha. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Sasa pesa, maana hapa ndipo kaunti inapoingia na ndipo nina la kusema kama mtumishi wenu. Siku ile tulikubaliana na fundi mkuu utaratibu ambao unamfaa hata asiyetaka kutengenezea gari kule. Unalipia uchunguzi peke yake. Unapewa karatasi yenye kodi za hitilafu na vipimo vya kila sehemu ya betri. Ukiona kodi P0A80, kompyuta inasema betri kubwa imeharibika, lakini hata hapo uliza namba za sehemu zote, na uliza kama feni imetazamwa. Ile karatasi ni yako. Unaweza kuipeleka kwa fundi wako wa mtaani mkapatana kwa macho mawili. Gereji yoyote yenye mashine inaweza kukupa karatasi kama hiyo. Ikikataa, hilo pia ni jibu.

Katiba, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya huduma ya ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Biashara ya haki ni miongoni mwa kazi ambazo Jedwali la 4 la Katiba limeikabidhi kaunti, kwa hiyo malalamiko kuhusu gereji au duka la spea unaweza kuanzia ofisi yetu ya biashara. Na kama umelipia betri "mpya" yenye dhamana ya mwaka, ikafa mwezi wa tatu, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Lakini hakimu atakuuliza: uko wapi ushahidi? Mzee wa Likoni angeulizwa hivyo hivyo. Risiti iandikwe jina la gereji, namba ya gari, kitu kilichowekwa, kama ni kipya au kimetumika, na dhamana ni ya muda gani. Ujumbe wa pesa kwenye simu unasaidia, ila hausemi ulilipia nini.

Mwisho wa ziara niliuliza swali langu la kiofisa: betri zilizokufa zinakwenda wapi? Kampuni ile inazihifadhi na kuzirudisha kwa wanaozikusanya. Mitaani ni hadithi nyingine. Ile kubwa ya haibridi huvunjwa ili kuchomolewa vipande vyenye uhai, vilivyobaki vinatupwa. Ile ndogo ya volti 12 inauzwa kwa uzani kwa mnunuzi wa vyuma.

Hiyo ndogo ina risasi ndani, na sisi wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa na mtu. Owino Uhuru iko hapo hapo Mikindani. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi kwenye damu, watoto wakiwemo. Julai 2020 mahakama hapa Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na ilibidi kesi ifike hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilirudisha uamuzi huo. Miaka yote hiyo kwa ajili ya betri ambazo kila mmoja aliyeziuza alipata shilingi mia chache. Nilikuwa nikiandika habari za kesi ile nikiwa mwanafunzi wa mazoezi, na mama mmoja aliniuliza kama najua ladha ya maji yao. Sikujua la kumjibu.

Kwa hiyo unaponunua betri, kubwa au ndogo, muulize muuzaji kama anaipokea ile ya zamani, na anaipeleka kwa nani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha wanaoingiza na kutengeneza bidhaa jukumu la kujua mwisho wa bidhaa zao. Kwa sasa, mwenye betri kuukuu nyumbani asiimwage maji yake ya asidi kwenye mtaro wala asiwaachie watoto waichezee. Iwekwe wima mahali pakavu, na atupigie ofisi ya mazingira tumwelekeze.

Mzee wa Likoni anauliza kule nyuma kama nimesahau kusema gari lake liliishia wapi. Sijasahau, mzee. Aliandikiwa karatasi yake, akaenda nayo kwa fundi wake wa siku zote, wakapata betri kamili iliyotumika yenye vipimo vilivyolingana, kwa dhamana ya miezi 6 iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Ameikunja mfukoni, mwombeni awaonyeshe.

Basi. Maswali nitayapokea, na yale ya kiufundi kuna mafundi wawili hapa watayajibu kuliko mimi. Waliokuja na magari, tutoke hapo chini ya mwembe. Fungueni milango ya nyuma, tutafute hicho kidirisha cha feni kwenye kila gari. Kuna brashi na mashine ya kufyonza vumbi, na hakuna malipo.